Nani Mwenye Kiti cha Mtoto Njiani? Mjadala wa Asumbi

Asumbi ni mahali pa shule. Tangu wamisionari wa Mill Hill walipoanzisha kituo chao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, pamekua shule za msingi, sekondari ya wasichana na chuo cha walimu, na jina la Asumbi likajulikana Nyanza nzima. Pako Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rongo, na Rongo iko Kaunti ya Migori. Watoto wa pande zote mbili huvuka mpaka huo kila asubuhi bila kuuona.

Suala la mjadala huu ni namna wanavyovuka. Shule zipo na walimu wapo, na karo ya shule ya msingi ya umma iliondolewa mwaka 2003. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ni safari yenyewe, na safari hiyo ndiyo inayowabwaga wengi. Sauti zifuatazo nimezipanga mimi. Hazimwakilishi mtu mmoja mmoja, bali zimebeba hoja zinazosikika kwenye mikutano ya wazazi, kwenye stendi za boda na nje ya ofisi za walimu wakuu. Wapo mama mzazi, mwalimu mkuu wa sekondari ya bweni, mwendeshaji boda, mzee aliye kwenye bodi ya shule, na wakili kijana anayefanya kazi mjini Homa Bay.

MWONGOZAJI: Mama, tuanze nawe. Watoto wako wanafikaje shuleni?

MAMA: Ninao watatu, na kila mmoja ana njia yake. Mkubwa yuko gredi ya nane, shule ya umma, anatembea. Wa pili yuko gredi ya nne. Alikuwa akipanda boda na watoto wa jirani mpaka mwezi uliponishinda kulipa. Mdogo yuko chekechea ya akademia ya binafsi, na huyo ndiye mwenye gari. Lakini gari lenyewe haliachi lami. Dereva anasema njia yetu ni udongo mweusi, mvua ikinyesha atakwama. Kwa hiyo alfajiri nampeleka mtoto hadi barabarani nikimulika kwa simu. Gari likifika, kiti cha watu watatu kimekaliwa na watoto watano. Wangu anapakatwa na mtoto wa mwenzangu, na hela ya nafasi kamili nimelipa. Ukilalamika unaambiwa wako wazazi wanaoisubiri nafasi hiyo hiyo.

MZEE: Mama, pole. Lakini niruhusu niseme jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Sisi tulitembea. Tulikwenda kwa miguu asubuhi, tukarudi kwa miguu jioni, na katika sisi walitoka walimu na mapadre. Nina hofu kwamba tunawalea watoto wasioweza kukabili umande.

MAMA: Jaduong', mzee wangu, mlitembea, sikatai. Lakini mlitembea mkiwa wengi. Boma hili linatoa watoto wanne, lile watatu, wote wanaelekea shule moja, mkubwa akimwangalia mdogo. Leo boma moja lina watoto wa shule tatu tofauti. Huyu yuko akademia, yule shule ya umma, mwingine sekondari ya kutwa ng'ambo ya mto. Kila mmoja ana saa yake na njia yake. Ule msafara wenu umekwisha. Binti yangu anatembea peke yake katikati ya miwa, na hapo umande si kitu.

MWONGOZAJI: Wakili, sheria inasemaje kuhusu saa za watoto kuwa njiani?

WAKILI: Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinakataza shule ya kutwa kumlazimisha mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Nia ni njema, mtoto asitembee gizani. Ila kanuni hiyo inamfaa aliye karibu. Mwenye mwendo wa saa moja na nusu, ili afike saa moja na robo, lazima atoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, na saa hiyo kwetu kungali giza. Kanuni imepima saa ya kufika na kusahau umbali.

MWENYE BODA: Sasa na mimi niseme kidogo, maana najua mjadala huu huwa unaishia kwangu. Basi la shule la Asumbi ni sisi. Saa kumi na mbili na nusu nina watoto wanne. Mdogo anakaa mbele kwenye tangi, ameshika shina la kioo. Watatu wako nyuma yangu, mikoba nimeitundika kwenye usukani. Helmeti ni moja, nimevaa mimi. Najua sheria inasema abiria mmoja. Lakini tupige hesabu. Nikimbeba mmoja, petroli ni ile ile, na mama huyu atalipa mara nne ya anavyolipa sasa. Atalipa? Hatalipa. Mtoto atatembea au atabaki nyumbani. Wanaotaka kutuondoa barabarani watuambie kwanza nani atawabeba hao watoto kesho asubuhi.

MAMA: Kijana wangu, nakushukuru kwa kazi, lakini kuna jambo tuliseme. Msichana wa miaka kumi na minne asiye na nauli hubebwa bure leo, bure kesho, halafu kinachodaiwa baadaye si pesa. Sisemi ni wewe. Nasema njia ina mtego huo na kila mama hapa anaujua.

MWENYE BODA: Mama, ni kweli, na wenye tabia hiyo wanatuchafulia sote. Lakini mtego huo unategwa na kukosa nauli. Mtoto ambaye safari yake imelipwa hana deni kwa mtu.

WAKILI: Hapo umegusa kiini, ndugu yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay na Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mimba hizo hazina sababu moja, na haifai kusema zote zimetoka njiani. Lakini mtoto kutegemea hisani ya mtu mzima kila siku ili afike darasani ni hatari ambayo taifa linaweza kuiondoa kwa bei ya nauli.

MWONGOZAJI: Mwalimu, pale uani kwako lipo basi la manjano. Wazazi wanaopita na watoto wao kwa miguu wanaliona limeegeshwa tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Wanauliza kwa nini lisiwabebe.

MWALIMU: Swali ni la haki, na nitalijibu bila kuzunguka. Basi lile lina wenyewe. Wazazi wa bweni wamelichangia muhula baada ya muhula. Mabasi mengine ubavuni yana jina la NG-CDF, hazina ya eneo bunge, na hayo nayo yamekabidhiwa shule fulani, si kijiji. Basi langu linakwenda michezoni, tamasha za muziki na za drama, safari za masomo. Bima inawahusu wanafunzi wangu. Nikimpakia mtoto wa shule nyingine na tukapata ajali, anayesimama mbele ya hakimu ni mimi. Tena dereva ana mshahara, na petroli hainunuliwi kwa huruma.

MZEE: Mwalimu, mwanangu, hayo yote yana ukweli. Lakini Jumamosi basi hilo hilo hukodishwa kwenda matangani. Nimelipanda mwenyewe. Bima ya matangani inatoka wapi?

MWALIMU: Mzee, umenishika pabaya, na sitalikana. Shule hukodisha mabasi kwa sababu mgao wa serikali unachelewa na kupungua. Na hatari yake tumeiona. Agosti 2025 pale Kisumu, kwenye mzunguko wa Coptic, basi la shule lililotoka mazishini na waombolezaji lilianguka, na zaidi ya watu ishirini wakafa. Kwa hiyo sisemi utaratibu wa sasa ni mzuri. Nasema tu kwamba mwalimu mkuu hawezi kuanzisha usafiri wa umma kwa uamuzi wake mwenyewe. Nipe mkataba, nipe bima inayotaja watoto wale, nipe fedha ya petroli yenye jina lake, basi litatoka kesho saa kumi na mbili.

MWONGOZAJI: Fedha hiyo ipo kwenye mgao wa wanafunzi?

MWALIMU: Haipo. Mgao wa shule ya msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Tuchukulie nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Mgao wa mwaka mzima unamalizika siku ya kumi na tano, kabla hujanunua chaki. Sekondari ya kutwa imepangiwa shilingi 22,244, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mtu wa Suba, Homa Bay hii hii yetu, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kuzitoa zote. Mwalimu mkuu anayedaiwa mahindi na mwenye duka atatoa wapi fedha za kuwabeba wasio wake?

MZEE: Basi mimi narudi kwa hoja yangu ya mwanzo kwa njia nyingine. Tujenge shule karibu. Basi litazeeka, ila darasa litabaki. Mwaka 2023 sekondari msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi, na hilo lilisaidia. Wa gredi ya saba haendi tena mbali.

WAKILI: Lilisaidia sana, mzee wangu. Lakini tazama kilichofuata. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia gredi ya kumi, sekondari pevu, na huko wanagawanyika kwa njia za masomo. Yupo wa sayansi na teknolojia, yupo wa sayansi za jamii, yupo wa sanaa na michezo. Si kila shule inafundisha zote. Anayetaka fizikia atafuata shule yenye maabara, hata kama iliyo karibu iko hatua chache kutoka kwao. Kadiri mtaala unavyompa mtoto uchaguzi, ndivyo unavyomwongezea safari. Ukimpa uchaguzi bila nauli, umempa mwenye gari peke yake.

MWONGOZAJI: Wapo wanaosema tumpe kila mtoto baiskeli. Jimbo la Bihar kule India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za baiskeli, na wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash wakakuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa karibu theluthi moja.

MAMA: Ningeipokea leo kwa ajili ya huyu mkubwa. Lakini wa gredi ya nne hatafika kwenye pedali, na wa chekechea ndiyo kabisa. Na masika ikija, tope letu hushika gurudumu mpaka likagoma kuzunguka, mtu akaibeba baiskeli begani. Baiskeli ni ya mkubwa, kiangazi.

MWENYE BODA: Basi, serikali iamuru hivi. Mwanafunzi alipe nusu kwenye matatu na teksi za Probox zote.

MWONGOZAJI: Tanzania imefanya hivyo. Jijini Dar es Salaam nauli ya mwanafunzi kwenye daladala imewekwa kisheria, chini sana ya anayolipa mtu mzima. Matokeo yake wanafunzi wanajulikana kwa kuachwa vituoni. Kondakta anapeleka hesabu kwa tajiri jioni, na kiti cha mwanafunzi kinampa hasara, kwa hiyo anawachukua wachache au anafunga mlango. Amri imetolewa bila mtu wa kumfidia mwenye gari, na hasara imeangukia kwa mtoto aliyesimama juani na sare.

MWENYE BODA: Hapo nimeelewa. Hata mimi ukiniamuru nimbebe nusu bei bila kunilipa nusu nyingine, nitampita nikijifanya sikumwona.

MWONGOZAJI: Wakili, basi jukumu ni la nani? Tutajie mwenyewe.

WAKILI: Tatizo liko hapo hapo. Fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nenda Jedwali la Nne. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Chekechea ni ya kaunti. Barabara za kaunti na uchukuzi wa umma barabarani ni vya kaunti. Sasa mtoto wa gredi ya nne akiwa darasani ni wa Nairobi. Akiwa njiani yuko juu ya barabara ya kaunti, lakini kaunti inasema huyo mwanafunzi si wake. Tangu nyumbani hadi langoni hana serikali. Na hapa Asumbi mambo yanazidi, kwa sababu mtoto anayelala upande wa Rongo na kusoma upande wa Rangwe anazo kaunti mbili, na kila moja inaona ni wa mwenzake.

MZEE: Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

WAKILI: Na hiki, mzee, hakina nahodha hata mmoja. Angalia sheria zinavyotungwa. Sheria ya trafiki imetaka gari la shule liwe la manjano. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni za usafiri wa shule, kuhusu magari na madereva wao. Ni kazi njema, kwa sababu mtoto aliyepakatwa kwenye kiti kilichojaa watano anahitaji ulinzi huo. Lakini kanuni hizo zinamhusu mtoto ambaye tayari ana gari. Yule wa kutembea haguswi.

MWALIMU: Wenzetu wamefanyaje?

WAKILI: Uingereza imeandika umbali ndani ya sheria. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1996, mtoto wa chini ya miaka minane anayeishi zaidi ya maili mbili kutoka shule inayomfaa iliyo karibu husafirishwa bure na halmashauri. Kuanzia miaka minane ni maili tatu. Mtasema hao ni matajiri. Twende basi Afrika Kusini, Eastern Cape, vijijini kama hapa. Mwaka 2015 Jaji Clive Plasket aliamua kwamba haki ya elimu ya msingi inabeba ndani yake usafiri, kwa mtoto ambaye umbali na umaskini vinamzuia kufika. Katiba yao na yetu katika jambo hili ni ndugu wa tumbo moja.

MWALIMU: Kaunti zitasema zimekatazwa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizizuia kulipia majukumu ya serikali kuu, basari zikiwemo, bila makubaliano ya maandishi.

WAKILI: Bila makubaliano, Mwalimu. Hilo ndilo neno la kushika. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuihamishia nyingine jukumu kwa mkataba, na fedha zifuate. Kifungu cha 189 kinaruhusu kamati za pamoja. Homa Bay na Migori tayari wanakaa meza moja katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa. Hakuna linalowazuia kukaa tena kwa ajili ya barabara moja na shule za mpakani.

MZEE: Wakili, binti yangu, nimekuja hapa nikiamini kutembea kunatosha. Bado naamini mtoto wa karibu atembee, ni afya yake. Lakini wa mbali nimekubali. Nikirudi kwenye bodi nitauliza swali moja tu. Watoto wetu wangapi wanatoka mbali, na wanatoka wapi? Sijawahi kuliona kwenye daftari lolote la shule.

MWENYE BODA: Na sisi mtuandike. Stendi yetu ina chama, ina mwenyekiti. Mnipe watoto wawili wanaojulikana kwa majina, helmeti mbili ndogo, na malipo ya mwezi yanayotoka mahali pamoja. Sheria irekebishwe ituruhusu hao wawili tu. Sitaweka mtoto kwenye tangi tena. Nilimweka kwa sababu ya hesabu, na hesabu ikibadilika nami nitabadilika.

MAMA: Mimi siombi basi la kuja mlangoni. Naomba barabara iwekwe changarawe hadi kwa jirani, na nijue kwamba gari likifika, kiti cha mtoto wangu kipo.

Mjadala umefikia hapo, na sasa ni wajibu wangu kutoa hukumu.

Kila sauti imeleta chombo chake, na kila chombo kina mahali pake. Tumegombania chombo kwa miaka, wakati jambo la kwanza ni mwenyewe. Bila mwenye jukumu, basi litabaki uani, baiskeli zitagawiwa wakati wa kampeni kisha zisahaulike, na boda ataendelea kupakia wanne.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, kwa mpangilio huu. La kwanza halihitaji fedha. Kila shule ya Asumbi na vijiji jirani iandike umbali wa kila mtoto kutoka nyumbani, kwenye daftari lile lile la mahudhurio, muhula ujao. La pili ni mkataba. Wizara ya Elimu, Kaunti ya Homa Bay na Kaunti ya Migori ziandikiane nani anasafirisha watoto wanaoishi mbali kuliko umbali watakaoukubali, na fedha zenye jina lake ziingie kwenye bajeti. La tatu ndilo la vyombo. Palipo na lami na wanafunzi wengi, mabasi ya shule yaliyolala uani yakodishwe asubuhi na jioni, yakiwa na bima inayowataja watoto hao. Palipo na njia nyembamba, boda walioandikishwa walipwe kwa mwezi. Palipo na udongo mweusi, changarawe itangulie gari.

Wasomaji mlio kwenye bodi za shule za Rangwe, Rongo na kwingineko vijijini, kikao chenu kijacho kiwe na ajenda hii. Wazazi, mkienda kwenye mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti, msiulize barabara peke yake, ulizeni na watakaopita juu yake saa kumi na mbili asubuhi. Taifa lililomwambia mtoto kwamba shule ni lazima limejifunga kumfikisha.